Kovu la buluu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa moyoni tangu juzi: kwa nini mapigo ya bibi yako yalikuwa yakija mawili, yakipotea, kisha yakifuatana mbiombio, ilhali daktari alisema ugonjwa ulikuwa wa vali?

Homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni iliibana vali yake ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, na chumba hicho cha juu, kilicholazimika kusukuma damu kupitia mlango mwembamba mwaka hadi mwaka, kikatanuka na kuota makovu. Nyaya za kupimia umeme wa moyo alizowekwa kifuani zilitueleza kwamba mpangilio wa mapigo umevunjika. Ulivunjikia wapi, hazikuweza kusema. Mimi jibu nililiona maabara.

Kipande cha chumba kama hicho, kilichotolewa kwa mgonjwa mwingine wakati wa upasuaji wa vali, tulikitia ndani ya nta, tukakikata kwa unene wa mikroni 5, yaani elfu tano za milimita zikigawanywa kwa milioni moja, tukakipaka rangi za Masson, ambazo hufanya misuli iwe nyekundu na kovu liwe buluu. Katika moyo wenye afya nyuzi nyekundu hulala zimebanana. Katika kipande kile buluu ilikuwa imepenya kati ya uzi na uzi, kama maji yanavyoingia kwenye mikoko bahari ikijaa. Umeme unaoamsha kila pigo la moyo haupiti kwenye kovu. Hulazimika kuzunguka, hukawia, na ukirudi ulikotoka ukaikuta misuli imekwisha pumzika, huiamsha tena, ukaendelea kuzunguka hivyo hivyo.

Mzunguko huo mtafiti Mines aliueleza mwaka 1914. Kuutazama ukienda kulihitaji rangi nyingine, ambayo mwangaza wake hubadilika umeme unapopita: mwaka 1976 watafiti Salama na Morad waliitumia kwenye moyo wa chura, na mwaka 1992 kundi la José Jalife, huko Marekani, likaonyesha kwa kamera wimbi likijizungusha mfano wa gamba la konokono katika misuli ya moyo. Kwangu mimi, picha hizo zinaeleza zaidi ya mistari yote ya karatasi ya kipimo. Leo kovu hutafutwa hata kwa mtu aliye hai, kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na dawa ya gadolini inayofanya kovu lionekane kwenye picha, ingawa ukuta wa chumba cha juu una milimita chache tu na kuusoma kunataka jicho zoefu.

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea kipande kile kwa kalamu zako za rangi ulizoziacha mezani. Fuata wekundu kwa kidole kutoka kushoto, uone mahali utakapozuiwa.

Mama yako