BARUA YA WAZI: Mheshimiwa, kipimo cha INR ulichotuahidi kiko wapi?

Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya mkoani kwetu, shikamoo.

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini hapa Dodoma mjini, mama kalala, jana usiku kaongezewa chupa ya pili ya damu. Jumapili alipata choo cheusi kama lami, fizi zinavuja kila akiswaki, mapajani mavilio makubwa meusi na hajaanguka popote. Kupimwa INR, kile kipimo cha kuonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ikaja 9. Mama ana valvu ya chuma kwenye moyo, anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Anameza warfarin kila jioni na ndo inayomweka hai, akiiacha damu inaganda kwenye valvu, ikizidi anavuja kwa ndani, na huwezi kujua uko upande gani mpaka upime. Sasa wilayani kwetu hakuna kipimo, mpaka tupande basi tuje mjini, nauli kwenda na kurudi 20,000, ndo maana alikuwa na miezi mitatu hajapima. Juzijuzi tumbo likamsumbua akapewa Flagyl duka la dawa, hakuna aliyemuuliza mama unatumia dawa gani nyingine. Daktari wa hapa anasema Flagyl inaipandisha sana warfarin. Mimi nahisi na mboga imechangia, maana mlenda wa kukausha umetuishia nyumbani, na majani ndo huwa yanaipunguza nguvu hiyo dawa. Kuna mhudumu aliwahi kumwambia aache mlenda kabisa. Mheshimiwa, Mgogo aache mlenda? Huku wanasema ale, ila kiasi kilekile siku zote.

Nakukumbusha kwa heshima, mwaka jana ulisimama mkutanoni pale kwetu ukasema kabla mvua hazijaanza kila hospitali ya wilaya itakuwa na kipimo. Tukakupigia makofi, mama naye alipiga. Mvua zimekuja zimeisha, uwele tumevuna tumeweka ndani. Na kuna mashine za INR ndogo tu, za kutoboa kidole kama za sukari!

Sijaomba jengo, sijaomba hela ya damu tuliyohangaika ndugu wakachangia. Naomba kipimo cha INR wilayani, hicho tu Mheshimiwa, kipimo. Akiruhusiwa Jumatatu anatakiwa apimwe tena Alhamisi, na nauli ya Alhamisi sina.