Mpigie bibi yako wiki hii

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Pesa ya dawa imefika, Mungu akuzidishie. Lakini umeandika kwamba mambo yako na bibi mtayazungumza ukija Desemba. Usingoje Desemba, baba. Mpigie wiki hii.

Bibi sasa analalia mito mitatu, na mwezi uliopita alilalia mmoja. Akilala chali anakosa pumzi, maana moyo hausukumi damu sawasawa na maji yanajaa mapafuni. Jioni ukimbonyeza kifundoni, kishimo cha kidole kinabaki. Akili yake nzima bado, na hiyo ndiyo ya kuwahi.

Piga saa nne na nusu asubuhi ya huku, yaani saa tano na nusu ya huko Muscat. Kabla ya hapo yuko msalani kila mara kwa sababu ya kidonge cha kutoa maji, na jioni anakuwa amechoka. Dada yako atazima redio na kumwekea simu sikio la kulia. Usipaze sauti. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na ukipiga kelele maneno yanazidi kukorogeka. Ongea taratibu, kwa sauti nzito, sentensi moja kisha unyamaze. Pumzi yake inatosha maneno manne au matano, halafu anatua. Pale anapotua usianze "haloo, haloo, unanisikia?" Anakusikia.

Ukianza na "bibi nakupenda" atakuuliza, "Mume wangu, leo umekula nini?" na yote yataishia kwenye utani. Shika jambo moja alilokufanyia, litaje, useme limekufikisha wapi. Habari ya cherehani unaijua. Mwambie hivi: "Bibi, cherehani uliyoiuza ndiyo iliyonisomesha VETA, na ufundi wa viyoyozi ndio unaonilisha leo." Basi. Usiongeze mengine kumi, hilo moja litapotea katikati yake.

Una mkono wa kutoa, nakusifu mbele ya watu. Mdomo ndio mzito. Pesa anaishukuru, ila kila ikija huniuliza, "Hajasema kitu?"

Na radhi usiombe juu juu. "Kama nimekukosea unisamehe" tunaambiana kila Idi, hata majirani. Wewe uliondoka bila kumuaga, litaje hivyohivyo. Ukishalitaja usilete habari za viza na ndege, maana ukijieleza sana inakuwa kama unajitetea. Muulize naye kama ana la moyoni, umwachie nafasi. Akisema ameshasamehe zamani, pokea. Akilia, usikate simu wala usimwambie anyamaze.

Mtandao ukisumbua, mrekodie sauti, isizidi dakika moja. Ile ataisikiliza tena na tena, na dada yako atamwekea hata usiku akikosa usingizi.

Usinitume mimi. Salamu zenu nimezibeba miaka yote, "mjukuu wako anakusalimu", hata siku ambazo hukutuma salamu yoyote. Nilidhani ninafanya wema. Mkazoea kwamba mama atasema.

Tena wewe unajua kwetu maiti haikawizwi. Mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Hata upate ndege siku ileile, ukishuka Dar bado una kilomita kama 350 za barabara hadi Tanga. Utakuta matanga. Utakayoyasema hapo tutayasikia sisi.

Mjomba wako naye anahitaji neno lako. Ugomvi wa shamba haujesha, lakini alikupeleka hospitali kwa baiskeli mara ngapi? Huyo mwandikie, kusikia hana shida, ila kwenye simu ana hasira za haraka. La shamba usiliguse katika ujumbe huohuo.

Bati la jikoni juu ya mafiga linavuja. Fundi anataka mabati mawili na misumari yenye mpira nusu kilo, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Umeme wa Luku tunao wa kutosha. Ile chaja ya bibi ilikuwa inakata, nimenunua nyingine jana, na simu usiku inalala kwenye umeme. Kesho saa nne na nusu itakuwa mkononi mwake.

Mama yako