Shukrani kwa Dada wa Barabara ya Ngong

Kwa dada uliyeketi karibu na dirisha katika ofisi ya pamoja kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi, Alhamisi iliyopita jioni: uliondoka kabla sijakuuliza jina, kwa hiyo natoa shukrani zangu hapa hadharani.

Nilikuwa nikitumia Docker kujenga taswira 3 za kontena (vifurushi vyenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe), yaani ya seva, ya kazi za usiku na ya majaribio, kutoka Dockerfile moja (faili ya maelekezo ya ujenzi) kwa amri 3 zilizofuatana, na kila badiliko dogo la msimbo lilinigharimu takriban dakika 20. Ulivuta kiti, ukanionyesha kwamba nilinakili msimbo wote kabla ya kusakinisha maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yangu huutegemea), hivyo kila herufi niliyobadilisha ilibatilisha tabaka zote zilizofuata, yaani matokeo ya hatua yaliyohifadhiwa, zikalazimika kujengwa upya. Tukatanguliza faili ya orodha ya maktaba peke yake, tukasakinisha, ndipo msimbo ukafuata.

Kisha ulinieleza, kwa subira ambayo sitaisahau, jambo ambalo sikuwa nimelielewa miaka yote hii: BuildKit, injini ya kujenga taswira ambayo Docker Engine (programu kuu ya Docker) huitumia kama chaguo-msingi kwenye Linux tangu toleo la 23.0 la mwaka 2023, huruka hatua ambazo shabaha uliyoitaja (yaani unachotaka kijengwe) haizihitaji, na huendesha sambamba zile zisizotegemeana. Tuliziorodhesha shabaha zote 3 katika faili ya Bake, zana ya Docker ya kujenga shabaha nyingi kwa pamoja, zikajengwa kwa amri moja, hatua yao ya pamoja ikifanyika mara moja tu.

Jana ujenzi ulikamilika kabla chai yangu haijapoa. Ahsante sana, dada yangu. Ukipita tena, Alhamisi jioni huwa nipo.