Trei ya mbogamboga za chizi ikitoa maji, usikimbilie kuongeza chizi

Sisi hupika trei hizi kwa oda, na simu za lawama huingia Jumapili, watu wakishatoka ibadani na sahani zikiwa tayari mezani. "Dada, ile mboga yenu ya chizi imegeuka supu. Hivi chizi mliweka kiasi gani?"

Chizi tuliweka gramu 250, trei ya watu wanane hadi kumi. Ni nyingi. Kilo moja ya gouda hula lita kumi hivi za maziwa, kwa hiyo kwenye trei hiyo moja kuna lita mbili na nusu za maziwa ambazo huzioni. Ungeongeza gramu mia nyingine ungepata supu ileile, ila ya gharama zaidi na yenye mafuta yanayoelea juu.

Mwenye kosa ni maji, na maji yenyewe yameletwa na mboga. Koliflawa tunazonunua soko la Kilombero, zikiwa zimekaza vizuri kabisa, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Zukini ndiyo balaa kubwa zaidi. Kwa nje zinaonekana kavu, lakini ziingize mbichi kwenye oveni, zimwagie sosi, na baada ya nusu saa zitakuwa zimetema kila kitu chini ya trei. Chumvi ya chizi nayo inasaidia kuyavuta.

Kwa hiyo jikoni kwetu hapa Arusha kazi kubwa ya trei hii ni kukausha. Koliflawa tunazichambua vichane vidogo, tunazitumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka, dakika nne, basi. Karoti dakika sita, maharage machanga dakika nne au tano. Kila moja kivyake, maana ukizichemsha pamoja moja itapondeka mwenzake akiwa bado mgumu. Kisha tunachuja, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachuja na kumwaga sosi papo hapo. Sisi tunazitandaza juu ya kitambaa safi, zifuke moshi mpaka zipoe kabisa. Mvuke ule unaoondoka ni maji ambayo hayatakuja kukuaibisha mezani. Zukini hatuzichemshi kabisa. Tunazikata, tunazinyunyizia chumvi, tunaziacha nusu saa, tunazikamua, halafu zinapita kwenye kikaango kikavu.

Wateja wetu wa Dar wanaokuja likizo huuliza kwa nini viazi vyao haviivi kwa muda uleule waliouzoea. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Moshi mko chini kidogo, mnapata kama 97. Ukiweka viazi kwenye trei yako, vipe dakika chache za ziada sufuriani. Oveni yenyewe haijali mlima.

Sosi ni nyepesi kuieleza, ila inataka mtu asiyeshika simu. Siagi gramu 60, yaani karibu robo ya ile pakiti ya 250, iyeyuke kwa moto mdogo. Ngano gramu 60, koroga dakika mbili harufu ya unga mbichi iishe lakini isiwe kahawia. Maziwa ya uvuguvugu mililita 700, kidogo kidogo, ukikoroga. Ikianza kutokota iache itokote dakika tatu au nne, iwe nzito, ifunike mgongo wa mwiko. Halafu iondoe jikoni. Narudia, iondoe jikoni kabla chizi haijaingia. Chizi ikichemshwa, protini zake hujikunja na kushikana, mafuta yanakimbia, unabaki na vidonge vya mpira ndani ya mafuta ya njano. Ikikutokea, toa sufuria motoni, tia maziwa ya baridi vijiko viwili na upige kwa nguvu. Mara nyingine inarudi.

Chizi gani? Gouda changa inayeyuka kwa utulivu, cheddar inaleta ladha. Tunachanganya nusu kwa nusu. Mozzarella peke yake inavutika vizuri kwa picha lakini haina la kusema mdomoni. Zile za vipande vilivyofungwa kimoja kimoja zinayeyuka laini kuliko zote kwa sababu zimetiwa chumvi maalumu za kuzuia mafuta yasijitenge. Ukiwa huna nyingine tumia, ila usitegemee ladha. Na ile iliyokwisha kukwanguliwa pakitini imepakwa wanga ili isigandamane, kwa hiyo punguza ngano kidogo. Kwangua mwenyewe ukiweza. (Vijana wa bodaboda wanaotubebea wameshatuzoea na neno hili. "Leo mnapeleka machizi wapi?" Kila wiki, utani uleule, na kila wiki wanacheka wenyewe.)

Nyanya usiweke. Uchachu wake unaweza kuikata sosi, na maji yake tumeshayasema. Kungumanga ya kukwangua kidogo, pilipili manga, kijiko cha chai cha haradali. Chumvi onja baada ya chizi kuingia, si kabla.

Sasa nieleze kwa nini trei zetu zinakuja kwako hazijaokwa, maana hili ndilo linaloleta manung'uniko.

Zamani tulizileta zimeiva. Tuliwahi kupata oda ya kipaimara, Machame juu. Tukaoka asubuhi, juu pakawa rangi ya dhahabu, tukafunika foili trei ikiwa bado inafuka, tukaingia barabarani. Kutoka Arusha ni mwendo mrefu, na bado kuna kupanda. Tulipofunua, mvuke ulikuwa umegonga foili, umegeuka maji na kudondokea juu ya chizi njia nzima. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama katikati ya meza na majani mdomoni, na pembeni yake sisi na trei ya uji. Mama mwenye shughuli hakusema neno. Aliibeba mwenyewe akairudisha jikoni, kama mtu anayemficha mtoto mchafu wageni wasimwone. Hela yake tulirudisha.

Tangu hapo tunapanga mboga zilizokauka, tunamwaga sosi ikiwa imepoa, chizi iliyobaki juu na chenga za mkate zilizosuguliwa na siagi, tunaweka kwenye friji na kuleta ikiwa baridi. Kuoka ni kwako. Oveni nyuzi 200, bila kufunika, dakika 35 hadi 40 kwa kuwa inatoka baridi. Ikibubujika pembeni na juu ikawa kahawia, itoe na uiache dakika kumi kabla ya kupakua. Najua wageni wanatazama. Waache watazame, sosi inahitaji kutulia ili ishike.

Huna oveni? Ipo njia ya bibi zetu. Tuambie mapema tukupangie kwenye sufuria nene badala ya kioo. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, unapalia kama unavyopalia wali. Katikati fungua mara moja, futa maji yaliyojikusanya chini ya mfuniko, funika tena. Haitakuwa na rangi sawa kila mahali, lakini itashika.

Wafaransa huita mapishi ya namna hii gratin, neno lililotokana na kukwangua, yaani kile kilichogandia chomboni. Kwa lugha yetu ni ukoko. Mtu aliyekua akigombania ukoko wa wali na ndugu zake hahitaji kufundishwa sehemu ipi ya trei ni tamu.

Tupe siku mbili kabla. Moja ni ya soko na kukausha, ya pili ni ya sosi na kupanga. Desemba, watu wakiwa wanapanda nyumbani Kilimanjaro, tupe wiki. Ikibaki, friji siku tatu, na upashe kwenye oveni. Friza hapana, sosi itakatika na koliflawa italegea.

Trei za kioo tunazifuata wenyewe Jumatatu. Usijisumbue kuziosha sana. Tukikuta pembe zimekwanguliwa kwa kijiko mpaka kioo kinaonekana, hatuulizi kama ilitoa maji.