Masika yakiisha, shusheni matuta

Mhariri,

Masika yanapopungua mwishoni mwa Mei hapa Tanga, bustani nyingi za nyumbani hubaki na matuta yale yale yaliyoinuliwa ili maji yasituame. Kwa kipupwe hayafai. Juni hadi Agosti mvua ni haba na kusi inavuma, hivyo tuta lililoinuka hukauka juu na ubavuni. Mchicha unadumaa, unatoa maua mapema, kisha lawama zinaangukia mbegu.

Chimbeni tuta la kuzama, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Udongo wa juu wekeni kando, wa chini mfanyie kingo, kisha rudisheni ule wa juu ukiwa umechanganywa na samadi. Uso wa tuta ubaki sentimeta 10 hadi 15 chini ya kingo. Debe moja la samadi iliyooza kwa mita ya mraba si nyingi, maana kwenye mchanga wetu masika yameshaizamisha naitrojeni mizizi isikofika. Mbolea ya kuku ioze kwanza wiki 6 hadi 8. Ikiwa mbichi inaunguza miche. Majivu msitie penye mawe ya matumbawe: chokaa imeshajaa, na majani machanga yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Mking'oa nyanya za zamani, tazameni mizizi. Ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Ichomeni, isiingie kwenye mboji, na hapo pandeni vitunguu. Nyanya, bilinganya, pilipili na hata bamia zihamie kwingine.

Upande wa kusi wekeni uzio wa makuti unaopitisha upepo kidogo. Ukuta uliozibwa kabisa huurusha juu, ukaangukia mboga kwa nguvu zaidi. Tandazeni nyasi kavu unene wa sentimeta 5, zisiguse shina, na muangalie mchwa.

Maji ni asubuhi, lita 10 kwa mita 2 za mraba, yamiminwe kwenye udongo. Wenye visima vya maji ya chumvi wasinyunyize kidogo kidogo: maji hukauka, chumvi ikabaki juu. Wao waache maharage, wapande spinachi.

Mbegu za nyanya zipandwe kitaluni siku ile ile tuta linapoanza kuchimbwa. Miche huchukua wiki 3 hadi 4, kwa hiyo msingoje katikati ya Juni; mbegu zipandwe kabla Mei haijaisha.

Mkulima wa bustani,
Tanga