Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Uliorudisha Mzigo Wetu

Ndugu wanachama, wazee wangu na mama zangu wa majaruba ya chumvi, asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Hesabu mtasomewa na mhazini. Orodha ya wanaodaiwa ada imebandikwa mlangoni, na wahusika wanajijua. Mimi nina jambo moja, na kosa lake nimo.

Msimu ulikwenda vizuri. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, zilitujazia maji, jua la kaskazi halikutuangusha, na kabla masika hayajaingia wengi wetu hapa Tanga tulikuwa tumeshakwangua na kupanga matuta. Kisha mzigo mmoja ukarudi.

Mnunuzi wa huko bara aliupima kabla ya kushusha. Alichota konzi kwenye gunia la juu, akadondosha tone la dawa ya kupimia madini joto (ayodini), chumvi ikageuka zambarau. Gunia la katikati likatoa buluu hafifu, kama maji ya kusuuzia nguo. Gunia la chini likabaki jeupe pee. Hakutugombeza. Alifunga kichupa chake, akamwambia dereva ageuze gari.

Siku ya kuupakia mzigo ule, bomba la mgongoni la kunyunyizia madini joto nilikuwa nimelibeba mimi. Jua lilikuwa linazama, vijana wa kupakia wananung'unika, nami nikanyunyiza tuta kwa juu juu badala ya kuitandaza chumvi na kuigeuza kwa koleo, upande huu na upande ule. Madini joto yakaishia kwenye ganda la juu. Wenzangu, gharama ya gari tuliyoilipa mara mbili imetokana na robo saa niliyoona uvivu kuitumia.

Kwenye kikao kilichofuata mzee wetu mmoja aliuliza swali ambalo nimelisikia tangu nikiwa kijana: bahari si ndiyo yenye madini joto? Iweje tuitie chumvi kitu ilichotoka nacho? Ni kweli, mvua za miaka na miaka zimeyakosha kwenye udongo wa milimani zikayashusha baharini, na ndiyo maana samaki na mwani wanayo. Lakini jarubani mambo hugeuka. Chumvi inapoanza kuganda, madini joto huendelea kuelea kwenye yale maji machungu ya mwisho tunayoyamwaga, na mengine huruka na upepo. Tunachokwangua ni chumvi nyeupe nzuri isiyo nayo kiasi cha maana.

Na mwili hautaki mengi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Pigeni hesabu ya miaka 70: gramu nne hazitimii, kijiko cha chai hakijai. Lakini zikikosekana, tezi ya shingoni huvimba ikitafuta, na hilo ndilo rovu walilokuwa nalo watu wengi kule Iringa, Mbeya na Rukwa. Rovu angalau linaonekana. Baya zaidi ni la mtoto tumboni, maana ubongo wake hujengwa kwa homoni za tezi hiyo, na kilichokosekana wakati ule hakirudishwi na shule wala daktari. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 kazi hiyo ikawekwa ndani ya chumvi kwa sheria. Maana yake iliwekwa mikononi mwetu.

Kipimo ninakirudia kwa sababu wapo wanaokisia kwa jicho. Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 lilipendekeza miligramu 20 hadi 40 za madini joto kwa kila kilo ya chumvi inapotoka kwa mzalishaji, na isipungue 15 ikifika jikoni. Kupata 40, tani moja inataka gramu 67 hivi za potasiamu ayodeti, ile dawa tunayoinyunyiza. Gramu 67! Anayeniambia dawa ni ghali namwomba anionyeshe anachotumia kwa vocha za simu. Ikishatiwa, isianikwe tena juani wala kurundikwa kwenye sakafu yenye unyevu, na gunia liwe na mfuko wa nailoni ndani. Na wale wanaouza usiku chumvi isiyotiwa kitu, nawajua, nao wanajua kuwa nawajua.

Lipo na la upande wa pili, linalohusu kisichotakiwa kabisa. Pale diko, zinapotua mashua, karibu na majaruba ya kusini, vijana wanapasua betri mbovu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria juu ya mkaa, wapate chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Tindikali inamwagwa kwenye mikoko, na watoto wanakaa upande wa moshi kwa sababu yale madimbwi ya fedha yanapendeza kutazama. Nami nilikaa hivyo hivyo nikiwa na miaka minane, siwacheki. Ila risasi haina kiasi kilicho salama. Mwili huidhania kalsiamu, huiweka mifupani ikakaa miaka, na mtoto huifyonza mara nne au tano kuliko mtu mzima. Inaharibu ubongo uleule tunaouhangaikia kwa madini joto. Tope la mikoko nalo huishika wala haliiachii haraka, na kaa wetu wanakula tope hilo.

Kamati ilizungumza nao mara mbili. Mara ya kwanza tulienda kwa ukali, tukafukuzwa. Mara ya pili alienda mama mmoja wa kamati peke yake, akawakuta wanakunywa kahawa, akakaa. Wamekubali kuuza betri nzima kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wawili wameanza kumimina chubwi za saruji. Wengine bado. Maji ya jarubani kwetu tunayaingiza kwa mkondo wa kaskazini, mbali na pale, na iendelee hivyo hata kama mfereji wa kusini ni mfupi.

Dawa ya msimu ujao imeshaagizwa na itakaa kwa katibu, kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na mizani. Haichotwi kwa kiganja. Bomba lile nimelibadilisha mpira, liko kwangu nyuma ya nyumba; anayelitaka aje kabla ya bamvua ijayo, aje na koleo lake.

Mwenyekiti