Kabla ya kumlaumu mwanafunzi wa sanaa, tazameni kitambaa chake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuwasemee wanafunzi wa sanaa za ufundi wa Nyanda za Juu Kusini. Wapo vijana wanaoacha kuchora kwa sababu picha zao zilibanduka, zilipasuka au ziliota ukungu, na mzazi au mwalimu akahitimisha kuwa hawana kipaji. Mara nyingi kosa halimo mkononi. Limo kwenye kitambaa kinachochorewa, kwenye gundi, kwenye baridi ya Juni na kwenye chumba chenyewe. Haya yanafundishika, na mengi yanarekebishika kwa vitu vinavyouzwa Mwanjelwa au Mafinga.

Tuanze na fremu. Mbao za paina kutoka Mufindi ni nyepesi na hazisumbui kupatikana, ila nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Fremu ya mbao mbichi hujipinda, na picha hupinda pamoja nayo. Mwanafunzi achague mbao za inchi moja kwa mbili, azitazame kwa urefu kama zimenyooka, kisha azipange ndani kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, mpaka zikauke. Kipimo kizuri cha kuanzia ni sentimita 60 kwa 80, kwa sababu ulalo wake kutoka kona hadi kona ni sentimita 100 kamili. Milalo yote miwili ikitoa mita moja, kona ziko sawa. Kwa upande wa mbele, ukingo wa ndani wa mbao upigwe randa ushuke, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Hatua hii ikirukwa, alama ya mbao hujitokeza kwenye picha na haifutiki.

Kitambaa kiwe amerikani nzito au turubai la pamba. Turubai la nailoni halishiki gundi. Kifuliwe kwa maji ya moto kutoa wanga wa kiwandani, kipigwe pasi, kisha kikatwe sentimita 72 kwa 92 ili kibaki cha kukunjia nyuma. Misumari ianze katikati ya kila upande, mmoja huku na mmoja ng'ambo yake, kuelekea konani kwa nafasi ya sentimita 5 hivi. Kona ni za mwisho kabisa. Anayeanzia konani hupata makunyanzi ambayo hakuna rangi itakayoyaficha.

Hapo ndipo wengi huanza kupaka rangi moja kwa moja, na hapo ndipo picha huharibikia. Mafuta ya rangi yakiingia kwenye pamba isiyokingwa huozesha nyuzi zake taratibu. Kinga ya kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, ipakwe nyembamba na kuachwa ikauke kabisa. Ndipo uje msingi mweupe, yaani tabaka la kubeba rangi: gundi kipimo kimoja, rangi nyeupe ya maji ya ukutani kipimo kimoja, unga laini wa chaki kipimo kimoja, na maji kidogo kidogo mpaka mchanganyiko uwe kama uji mwepesi. Uchujwe kwa kitambaa. Yapakwe matabaka matatu membamba, kila moja likikatiza lililotangulia, na kila likikauka lisuguliwe kwa msasa namba 220. Chaki ikizidi, msingi huwa mkavu mno, na kitambaa kikikunjwa tu unapasuka. Ikipungua, uso unakuwa laini wa plastiki na rangi inateleza. Rangi ya ukutani ya bei ya chini kabisa ina gundi kidogo: paka kipande cha majaribio, kiache siku moja, kisha kisugue kwa kidole chenye maji. Kikitoa unga mweupe, usiitumie.

Tunasisitiza chaki, si chokaa ya kupaka nyumba. Chokaa ni kali na huua baadhi ya rangi, hasa bluu ya Prussia, ambayo hugeuka kahawia.

Sasa baridi, ambayo mafundisho yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani huwa hayaizungumzii. Gundi nyeupe, rangi ya maji na akriliki zote zinahitaji joto ili chembe zake zishikane. Chini ya nyuzi joto 10 hivi, maji huondoka lakini chembe hazishikani. Unabaki utando wenye nyufa ndogo au unga unaofutika. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hufika huko, na Njombe na Makete zaidi. Kwa hiyo msingi upakwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ukauke kabla jua halijashuka. Mwanafunzi anayepaka jioni baada ya masomo, akakuta asubuhi msingi unabanduka, hajakosea kipimo. Amekosea saa.

Lipo jambo moja la hatari ambalo lazima lisemwe waziwazi. Kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili picha ikauke au vidole vipate joto kunaweza kuua. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Vilevile matambara yenye mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, yasirundikwe pembeni: yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaanikwe nje yakiwa yametandazwa, au yalowekwe kwenye maji.

Rangi ya mafuta ya wachoraji haikauki kwa kutoa maji. Hukauka kwa kunyonya oksijeni, na baridi huichelewesha. Tabaka la chini liwe na tapentaini (ya kuzimulia rangi) zaidi, yanayofuata yaongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, juu hukauka kabla ya chini, na chini kukiendelea kusogea juu kunapasuka. Mafuta ya alizeti yamejaa mikoani kwetu na kishawishi ni kikubwa, lakini hayakauki sawasawa: picha hubaki ikinata na kuvuta vumbi. Thina ya kupulizia magari nayo si tapentaini, huyeyusha tabaka la chini. Asiyeweza kumudu vyote hivyo afanye kazi kwenye hadibodi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za dukani Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtindo wake ukaenea duniani. Sharti moja tu: hadibodi ipakwe gundi pande zote mbili, la sivyo unyevu wa masika utaipinda.

Kuhusu chumba, wanafunzi hupangiwa popote palipobaki. Mwanga usiohamahama ni muhimu kuliko ukubwa. Kwetu huku kusini mwa ikweta dirisha bora ni linalotazama kusini: kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo haliingii. Miezi iliyobaki hupita kusini, basi dirisha litundikwe shuka jeupe. Picha zisiegemezwe moja kwa moja kwenye ukuta wa nje wakati wa mvua. Ziachiwe nafasi ya kiganja ili hewa ipite, maana ukungu huanzia mgongoni.

Lakini vifaa ni nusu tu. Nusu ya pili ni kushika jambo moja na kukaa nalo. Inasikitisha kuona kijana wa Rungwe anachora simba wa Serengeti kutoka kwenye simu, wakati mashamba ya chai yako mlangoni kwake. Achore shamba hilohilo mara ishirini, kwenye kadi ndogo ndogo, kwa toni tatu tu: giza, kati na mwanga. Karatasi ya kaki ni nzuri kwa kazi hiyo, kwa kuwa rangi yake tayari ni toni ya kati. Mkaa huweka giza, chaki huweka mwanga. Mkaa wa kuchorea autengeneze mwenyewe: vijiti vyembamba vya mforosadi vilivyomenywa, vipangwe vikiwa vimebanana ndani ya kopo la bati lenye tundu dogo kwenye mfuniko, viwekwe motoni mpaka moshi ukome tunduni. Kopo lisifunguliwe mpaka lipoe kabisa, vinginevyo vinageuka jivu. Paina haifai, ina utomvu na mkaa wake hukwaruza. Akifika kwenye rangi, kijani cha chai kisitoke kwenye kichupa. Njano ya udongo na nyeusi kidogo hutoa kijani kilichotulia zaidi.

Njano hiyo iko chini ya miguu yetu. Udongo upondwe, ukorogwe kwenye maji mengi, uachwe dakika moja mchanga uzame, kisha maji machafu yamiminwe kwenye chombo kingine na kuachwa usiku kucha. Kinachotuama ndicho rangi. Udongo wa njano ukikaangwa kwenye bati hugeuka mwekundu. Rangi za namna hii hazipauki juani. Michoro myekundu ya kale ya miambani pale Igeleke, Iringa, ni ushahidi.

Nyuma ya kila kazi iandikwe tarehe, aina ya kitambaa, vipimo vya msingi na hali ya hewa ya siku hiyo. Bila maandishi hayo mwanafunzi hawezi kujua kwa nini picha ya Machi imesimama na ya Julai imebanduka.

Tunawaomba wakuu wa shule na vyuo watoe chumba kimoja chenye dirisha la kusini na kabati lenye kufuli, na ratiba iruhusu kazi ya mchana angalau mara mbili kwa wiki. Na walimu wenzetu, kabla ya kutoa alama, wageuze picha wasome kilichoandikwa mgongoni.

Walimu wa sanaa za ufundi,
Mbeya